Mwongozo kamili: kuzisoma seli zinazoishi na virusi kwa miezi, tangu chupa ya kwanza hadi picha ya mwisho

Mwaka 2004 chikungunya iliulaza mji wa Lamu. Vipimo vya damu vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba karibu robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Mvua ilikuwa haba, watu wakaweka maji majumbani kwenye mitungi, madebe na mapipa, na mbu wa Aedes akapata pa kuzalia. Mwaka uliofuata maradhi yalivuka hadi Komoro, yakaingia Réunion, kisha yakafika India. Wazee waliougua bado wanayasimulia maumivu ya vifundo na magoti.

Kinachosemwa mara chache ni hali ya mbu mwenyewe. Yeye hakulala kitandani. Virusi vilivyowalaza watu vilikaa ndani ya seli zake maisha yake yote, naye akaendelea kuruka, kuuma na kutaga. Seli zake ziliwezaje kubeba mzigo huo bila kufa? Na je, zilibaki zilivyokuwa?

Mwongozo huu ni wa kijana wa Lamu au Malindi anayesoma biolojia, na wa mtaalamu wa maabara aliyezoea kupaka rangi ya Giemsa kwenye damu ya malaria na sasa anataka kusonga mbele. Nitaeleza namna ya kuotesha seli za mbu, kuziambukiza virusi visivyomdhuru binadamu, kuzifuata kwa miezi na kusoma mabadiliko ya umbo lake. Nataka uondoke na jambo moja: seli iliyotulia haimaanishi ni zima. Utaujua ugonjwa wake ukiiweka kando ya mwenzake asiyeambukizwa na kuzitazama zote mbili wiki baada ya wiki.

Kabla ya kugusa chupa

Kazi hii hufanywa ndani ya maabara yenye kabati la usalama, chini ya msimamizi, baada ya kamati ya usalama wa kibiolojia ya taasisi yako kukubali na leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi ya Kenya) kutoka. Haifanywi nyumbani, hata kama una hadubini nzuri.

Chikungunya yenyewe usiiguse. Marekani na Uingereza huitaka ishughulikiwe katika maabara za ngazi ya 3, na anayeanza hana haja nayo. Wako jamaa za virusi vya dengi na homa ya manjano ambao huishi ndani ya wadudu tu na hawawezi kuzaana katika seli za mnyama mwenye uti wa mgongo. Mmoja ni wa hapa kwetu: virusi vya Kamiti River, vilivyotolewa kwenye viluwiluwi wa mbu Aedes macintoshi waliokusanywa Kenya ya kati mwaka 1999. Kwa anayejifunza, hivi vinatosha kabisa.

Andaa pia dawa ya kuua virusi. Jik hupoteza nguvu haraka katika joto la pwani, kwa hiyo ichanganye upya kila siku ya kazi. Soma lebo, pima hadi klorini ibaki asilimia 0.5, na kila maji yaliyotoka kwenye chupa yakae humo dakika 30 kabla ya kumwagwa.

Hatua ya 1: Chagua seli

Anza na C6/36. Ni seli za Aedes albopictus ambazo Igarashi alizichagua mwaka 1978 kutoka kwenye ukoo wa seli ulioanzishwa na Singh mwaka 1967. Zinapenda joto la nyuzi 28, hukua haraka, na virusi vingi vya mbu huzaana ndani yake kwa wingi. Sababu ya wingi huo ni kasoro: kimeng'enya kiitwacho Dicer-2, ambacho mbu hukitumia kukatakata RNA ya virusi (maagizo yake ya urithi), hakifanyi kazi ipasavyo ndani yake. Hivyo mabadiliko ya umbo huonekana wazi, lakini usidhani unaiona kinga yote ya mbu. Ukitaka kuona mbu anavyojitetea, tumia seli za Aag2 za Aedes aegypti, ambazo kinga hiyo zinayo. Zina shida yake, nayo naieleza sasa hivi.

Hatua ya 2: Hakikisha chupa safi ni safi kweli

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na aliyeharibikiwa hajui. Utakuwa na chupa mbili zinazokwenda sambamba. Moja nitaiita chupa safi, nyingine chupa gonjwa. Kila utakalosema kuhusu chupa gonjwa linategemea ukweli wa chupa safi.

Mwaka 1975 watafiti Stollar na Thomas walichukua maji yaliyokuwa yameziotesha seli za Aedes aegypti, seli zilizoonekana zima kabisa, wakayamimina juu ya seli za Aedes albopictus. Seli hizo za pili zikaanza kuungana, zikawa mapande makubwa yenye viini vingi. Kumbe zile za kwanza zilikuwa zimebeba virusi muda wote bila dalili yoyote. Virusi hivyo vikaitwa kwa kazi yake ya kuunganisha seli, na hadi leo hupatikana ndani ya seli za Aag2 katika maabara nyingi. Mtu anaweza kuandika ukurasa mzima kuhusu "seli zisizoambukizwa" huku zimeambukizwa tangu kabla hajazaliwa.

Kwa hiyo fanya mambo mawili kabla ya yote. Kwanza, toa RNA ya seli zako na uzipime kwa RT-PCR (kipimo kinachonakili vipande vya RNA hadi vionekane), ukitafuta virusi vya wadudu vinavyojulikana kujificha katika ukoo huo wa seli. Pili, pima mikoplazma. Hizi ni bakteria ndogo sana zisizo na ukuta, penisilini haiziwezi, na hazichafui maji hata ukashtuka. Hula lishe ya seli, huzidhoofisha, hubadilisha umbo lake, nawe ukasema ni virusi. Rangi ya DAPI inayong'aa juu ya DNA huzionyesha kama vumbi la nukta nje ya kiini, lakini PCR ni ya uhakika zaidi. Pima mwanzoni, kisha rudia kila mwezi.

Hatua ya 3: Otesha kwa hali ya pwani

Lishe ninayoipendekeza ni L-15 ya Leibovitz, iliyotengenezwa mwaka 1963. Haihitaji hewa ya kaboni dioksidi, na kwa aliye Lamu, ambako mtungi wa hewa hiyo lazima uvushwe kwa mashua, huo ni unafuu mkubwa. Ongeza asilimia 10 ya seramu ya ndama, pamoja na penisilini na streptomaisini. Chupa ya sentimita mraba 25 hutosha mililita 5.

Joto la nyuzi 28 linakudanganya kwamba chumba kinatosha. Hakitoshi. Wakati wa kaskazi, mchana hupanda na usiku hushuka, na seli husoma tofauti hizo. Tumia kiangulio chenye uwezo wa kupoza pia, na uweke kipimajoto cha pili ndani yake. Stima ikipotea, usiufungue mlango. Andika saa ilipopotea na saa iliporudi, maana vifuko vya ajabu utakavyoviona kesho yake huenda vimetokana na joto.

Maji ya kisima ya Lamu na Malindi yana chumvi nyingi. Yasiingie katika lishe, bafa (maji yanayoshikilia kiwango cha asidi) wala rangi, hata yakichemshwa, kwa sababu kuchemsha hakuondoi chumvi. Tumia maji yaliyotoneshwa tu.

Seli za C6/36 hazijashika chupa kwa nguvu. Zikijaa, gonga ubavu wa chupa kwa kiganja au zikwangue taratibu, gawa moja kwa tano, weka lishe mpya. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha. Chupa safi na chupa gonjwa zihamishwe siku moja, kwa lishe ya chupa moja, kwa mgawo uleule. Safi iguswe kwanza, gonjwa mwisho, kila mara, na kabati lifutwe kwa spiriti ya asilimia 70 kati yake.

Hatua ya 4: Ambukiza, kisha vumilia

Hesabu seli kwa chemba ya Neubauer, ileile inayohesabia chembe nyeupe za damu hospitalini. Changanya seli na rangi ya trypan buluu. Zilizokufa hunywa rangi, zilizo hai huikataa. Wastani wa miraba minne ya pembeni, zidisha kwa kiwango ulichozimua, zidisha kwa 10,000: hizo ndizo seli katika mililita moja.

Weka kiasi cha virusi kimoja kwa kila seli kumi. Acha saa moja vijishike, ondoa maji, weka lishe mpya. Chupa safi nayo ifanyiwe yote hayo, isipokuwa inapata lishe tupu badala ya virusi.

Wiki ya kwanza ndiyo ya msukosuko. Baadhi ya seli zitavimba, zitashikamana, nyingine zitaelea. Anayeanza huona chupa inakufa akaitupa. Usiitupe. Ondoa zilizoelea, badilisha nusu ya lishe, subiri. Manusura huanza kugawanyika tena, na baada ya kuhamishwa mara kadhaa chupa huonekana imetulia. Virusi katika maji vimepungua lakini havijaisha. Maambukizi ya kudumu yameanza, na kazi yako ya kutazama ndiyo kwanza inaanza.

Ndani ya utulivu huo kuna mengi. Virusi vyenyewe hubadilika: hutokea vilivyokatika, vyenye RNA fupi, ambavyo haviwezi kuzaana peke yake ila huvipora vizima vifaa na kuvipunguza nguvu. Seli nazo huchujwa, zinazostahimili zinaongezeka. Katika virusi vya Sindbis, jamaa za chikungunya, ambavyo vimesomwa sana ndani ya seli za mbu, baada ya msukosuko wa kwanza ni sehemu ndogo tu ya seli inayoendelea kutoa virusi kwa wakati mmoja. Hili likumbuke utakapotazama: usitarajie kila seli iwe na alama.

Hatua ya 5: Tazama, kwanza bila rangi

Futa lenzi. Unyevu wa pwani huotesha ukungu ndani ya hadubini, na ukungu huo huonekana kama nyuzi katika kila picha. Hadubini ikae katika kabati lenye silika kavu.

Anza na lenzi ndogo, tembeza chupa yote, ndipo upandishe. Katika chupa safi utaona seli ndogo, za mikromita 10 hivi, nyingi za mviringo na nyingine zimechongoka ncha mbili. Ukingo wake unang'aa, ndani ni laini, na zimetandazika kwa nafasi zinazokaribia kulingana. Sasa hamia chupa gonjwa. Tafuta mambo haya kwa utaratibu, jicho likikaa kwenye kila eneo kwa muda: seli zimejikusanya visiwa visiwa na kuacha uwazi katikati, ukubwa umepishana, nyingine zimevimba mara mbili au tatu ya wenzake, ndani kuna vifuko vyenye uwazi, kimoja kikubwa kinachosukuma kiini ubavuni, au vidogo vingi, na hapa na pale bonge moja lisilo na mipaka ndani yake, ambalo ni seli kadhaa zilizoungana.

Rangi ya lishe nayo isome. L-15 huwa nyekundu na hugeuka njano asidi inapozidi. Virusi vya jamii ya dengi vina protini ya ganda inayobadilika umbo kwenye asidi, na hapo ndipo huunganisha tando. Katika seli, asidi hiyo hupatikana ndani ya vifuko vinavyomeza virusi. Katika chupa iliyoachwa mpaka ikawa njano, asidi iko kila mahali. Ukiona mabonge mengi siku ya tano na machache siku ya pili, angalia kwanza rangi ya lishe kabla hujaandika kwamba ugonjwa umezidi.

Kisha paka Giemsa. Otesha seli juu ya vioo vidogo ndani ya sahani ya visima, ziache siku mbili, mimina lishe, zigandishe kwa methanoli dakika 10. Zimua Giemsa moja kwa tisa katika bafa ya pH 7.2, acha dakika 15 hadi 20, suuza kwa bafa ileile. Mtu wa malaria hapa yuko nyumbani. Viini hutoka zambarau, saitoplazimu hutoka samawati, na vifuko hubaki vyeupe kabisa. Kwa lenzi ya mafuta hesabu viini ndani ya kila seli. Katika bonge lililoungana viini hukaa kwa kubanana, mara nyingi ukubwa unakaribiana, na hakuna mstari wowote kati yake. Seli mbili zilizolaliana zina mstari. Zungusha fokasi juu na chini uutafute kabla hujahesabu.

Piga picha maeneo kumi uliyoyachagua bila kuchungulia, kwa mfano kwa kusogeza meza ya hadubini hatua zile zile kila mara. Hesabu seli 200 kwa kila kioo. Mwombe mwenzako afunike majina ya vioo na kuvipa herufi, usijue kipi ni kipi hadi umalize. ImageJ, programu ya kompyuta ya bure, itakupimia eneo la seli na la kiini. Jicho linalotarajia kuona ugonjwa huuona hata pasipo na ugonjwa, na sijapata kumwona mtu aliyesalimika na hilo kwa nia njema tu.

Hatua ya 6: Kiunzi na tando za ndani

Ndani ya seli kuna kiunzi cha nyuzi za protini, aktini na tubulini, kinachoishika kama boriti za mikoko zinavyoshika dari ya nyumba ya Lamu. Virusi hutumia nyuzi hizo kusafiria na huzipanga upya. Gandisha seli kwa paraformaldihaidi ya asilimia 4, toboa utando kwa Triton X-100 ya asilimia 0.1, kisha weka faloidini inayong'aa kwa ajili ya aktini, kingamwili ya tubulini, na DAPI kwa kiini. Ongeza kingamwili inayotambua RNA yenye nyuzi mbili, maana hiyo hutokea virusi vinapojinakili. Hapo utajua ni seli ipi ndani ya chupa gonjwa inayofanya kazi ya virusi wakati huo, na utaweza kuilinganisha na jirani yake aliyetulia ndani ya kioo kilekile.

Hadubini ya mwanga haioni kitu chembamba kuliko nanomita 200 hivi, na kirusi cha jamii ya dengi kina nanomita 50. Kwa hiyo hadi hapa umeona kazi ya virusi, hujaviona vyenyewe. Kuviona kunahitaji hadubini ya elektroni. Kama taasisi yako haina, andaa sampuli uitume: kusanya seli kwa kuzungusha taratibu, zigandishe kwa glutaraldihaidi ya asilimia 2.5, weka kwenye friji ya nyuzi 4, na kamwe usiziweke kwenye frija ya barafu, kwa sababu barafu hupasua tando ulizotaka kuzitazama.

Picha zikirudi, jua unachotafuta. Jamii ya dengi hubonyeza tando za mtandao wa endoplazimu na kufanya vifuko vya nanomita 80 hadi 100, kila kimoja na kitundu chembamba kinachofunguka kwenye saitoplazimu. Ndani ya vifuko hivyo RNA hunakiliwa, imejificha dhidi ya walinzi wa seli. Jamii ya chikungunya hufanya vifuko vya nanomita 50 hivi, kwanza kwenye utando wa nje, kisha kwenye kuta za vifuko vikubwa vya kumeng'enyea. Na katika seli za mbu, virusi vya Sindbis hukamilikia ndani ya vifuko vya ndani, ilhali katika seli za mamalia huchipuka kwenye utando wa nje. Tofauti hiyo ndiyo sehemu ya jibu la kwa nini mbu hapasuki: mzigo umewekewa chumba chake.

Katika maambukizi ya kudumu vifuko hivi ni vichache kuliko vya wiki ya kwanza na havijatapakaa sawa. Seli moja imejaa, nne jirani hazina. Omba picha za seli nyingi kwa ukuzaji mdogo kabla ya zile za karibu, la sivyo utapewa picha moja nzuri isiyowakilisha chochote.

Hatua ya 7: Thibitisha kwamba virusi ndivyo chanzo

Vifuko huletwa pia na njaa, lishe iliyochakaa, joto na uzee wa seli. Njia tatu hukutoa shakani. Chukua maji ya chupa gonjwa, yachuje kwa kichujio cha mikromita 0.2, yaweke juu ya seli safi: msukosuko wa wiki ya kwanza ukirudi, kisababishi kimepita kichujioni, na bakteria wa kawaida hawapiti (mikoplazma huweza kupita, ndiyo maana tulizipima). Kisha iambukize chupa gonjwa kwa virusi vilevile tena. Seli zenye maambukizi ya kudumu kwa kawaida huyakataa maambukizi mapya ya virusi vya aina yake, kwa hiyo zisipotikisika wakati chupa safi inatikisika, una ushahidi mzuri. Tatu, pima RNA ya virusi kila mwezi, ndani ya seli na ndani ya maji, uweke namba kando ya hesabu zako za umbo. Chupa nyingine hujiponya zenyewe bila kutangaza.

Hatua ya 8: Hifadhi kila hatua

Gandisha seli za kila mwezi, usingoje mwisho. Seramu na DMSO (kimiminika kinachozikinga seli na barafu) ya asilimia 10, zipoe nyuzi moja kwa dakika katika frija ya nyuzi 80 chini ya sifuri usiku kucha, kisha kwenye naitrojeni ya maji. Mwandiko wa kalamu ya kawaida hufutika kwa spiriti, kwa hiyo andika kwa penseli kwenye lebo ya kitambaa: ukoo wa seli, mara ngapi zimehamishwa, virusi gani au hapana, tarehe. Chupa safi ya mwezi uleule igandishwe siku ileile na ikae kwenye kisanduku tofauti. Siku utakapoamsha seli gonjwa za mwezi wa tatu, mwamshe na mwenzake wa mwezi wa tatu, usilinganishe na seli safi zilizotoka kuletwa juzi.